"Controversial" si "tata": jibu kwa aliyekwama na habari ya bwawa

Mkuu, umeuliza "controversial" tuiiteje kwa Kiswahili, na "controversy" hutamkwaje, na sentensi iliyokukwamisha inaliita hivyo bwawa la umeme la Mto Rufiji. Hadi naandika hapa umeshajibiwa na wanne: "bwawa tata", "bwawa lenye utata", "bwawa tatanishi", na mmoja "bwawa la kikontrovesho". Huyo wa mwisho tumwachie Mungu. Hao watatu wa utata ndio nataka kuzungumza nao, kwa sababu kosa lao nimewahi kulifanya mimi, tena kwenye gazeti lililokuwa linauzwa barabarani.

Miaka kadhaa nilikaa kwenye meza ya tafsiri ya gazeti moja hapa Dar. Habari za nje zinamiminika kwa Kiingereza jioni, ukurasa unatakiwa usiku huohuo, wewe na kamusi yako mnakimbizana na saa. Siku moja ikaingia habari ya mhubiri mmoja, Kiingereza kimemwita "controversial preacher". Sikufikiri mara mbili, nikaandika "mhubiri mtata". Kesho yake simu ya mapokezi haikupumzika. Mchana akaja mzee mmoja, muumini wake, kavaa suti ya Jumapili na siku yenyewe Jumatano. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akanyoosha gazeti juu ya meza. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mchungaji wetu amekukorofisha nini?"

Sikuwa na jibu, maana mzee alikuwa amesoma Kiswahili kama kilivyo. Mtaani mtu mtata ni mkorofi, mgumu kuelewana naye, wa kumkwepa. Kiingereza hakikusema hivyo. Kilisema watu hawakubaliani juu ya mhubiri huyo: wapo wanaomfuata, wapo wanaompinga, na wanapingana hadharani. Ugomvi uko kwa watu wanaomzunguka. Mimi nikauchukua nikamvika yeye kama tabia yake ya kuzaliwa.

Sasa rudi kwenye bwawa lako. Ukiandika "bwawa lenye utata", msomaji wa Ikwiriri atauliza: kuta zina nyufa? Mkataba una mushkeli? Maji hayajai? Utata kwetu ni jambo kutoeleweka, kufungamana kama uzi uliojisokota. Bwawa lile lilieleweka vizuri sana, na ndiyo maana watu walivutana. Upande mmoja serikali ilitaka megawati 2,115 za umeme. Upande wa pili mashirika ya uhifadhi yalisema huwezi kufyeka na kuzamisha sehemu ya pori la wanyama la Selous, eneo lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Mwaka 2019 jiwe la msingi likawekwa, kelele zikaendelea, na mwaka 2024 mitambo ya kwanza ikaanza kuzalisha. Hapo hakuna kitu kisichoeleweka. Kuna watu wawili wanaotaka vitu viwili.

Nikiwa meza ya michezo (nilihamishwa baada ya yule mzee, sijui kama ni adhabu au zawadi) ndipo nilipoiona tofauti hii waziwazi. Magazeti ya Kiingereza huyaita mabao haya mawili kwa neno lilelile. La kwanza ni la Geoff Hurst, fainali ya Kombe la Dunia 1966 pale Wembley: mpira uligonga mtambaa panya ukadunda chini, mwamuzi Gottfried Dienst akaenda kumuuliza mshika kibendera, Tofiq Bahramov, bao likakubaliwa, na hadi leo Waingereza na Wajerumani wanabishana kama mpira ulivuka mstari. La pili ni la Maradona, Mexico 1986, lile la mkono dhidi ya Uingereza. Lile la Hurst unaweza kuliita bao lenye utata bila kukosea, kwa sababu lililotokea lenyewe halijulikani vizuri. La Maradona halina utata hata chembe. Mkono uliupiga mpira, ukweli unajulikana kuanzia kwa kipa hadi kwa muuza karanga. Kilichobaki ni hasira, na watu kubishana kama ule ni ujanja au wizi. Kiingereza kinayavika yote mawili kofia moja. Kiswahili hakina kofia hiyo, na mimi siioni kama kasoro.

Kwa nini nasema hivyo? Angalia maneno yetu ya jambo hili: kubishana, kuzozana, kuvutana, kulumbana, kupingana, kutofautiana. Yote yana "-ana" mkiani. Sarufi yenyewe inadai pande mbili. Ukisema "wanavutana", msikilizaji anauliza papo hapo: nani na nani? Wanavutania nini? Lakini Mwingereza anaweza kusema "a controversial decision" akaenda zake kunywa chai, hajataja hata mtu mmoja aliyepinga. Mwandishi mvivu analipenda sana neno hilo kwa sababu linamwezesha kuonekana amesema kitu. Wenyewe wanajua. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP uliwahi kuwaonya waandishi wake kwamba "controversial issue" ni kurudia jambo mara mbili, kwa kuwa hoja za aina hiyo zote zina wapinzani.

Sasa mtu ataniuliza, je, "mgogoro"? Hilo ni zito zaidi, na lina kazi yake. Migogoro ya ardhi, migogoro ya kazi: hapo pana madai, pana pande zinazotambulika, na mara nyingi pana baraza la kuamua. Hiyo ni "dispute" ya Kiingereza. Majirani zetu wa Kenya huko wanasema zaidi "mzozo". Lakini mgogoro unaweza pia kuwa wa mawazo, ukidumu na kugawa watu makundi. Mshairi wetu Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani mwaka 1974, washairi wa jadi na wale wa mashairi huru walishikana mashati ya maneno kwa miaka mingi, na hadi leo darasani tunauita mgogoro wa ushairi. Hiyo ndiyo "controversy" halisi, na neno la Kiswahili lilipatikana bila kamusi kufunguliwa. Kwa jambo jepesi zaidi, "mjadala mkali", "mvutano", au "gumzo" vinatosha.

Ila kuna mahali pa kuwa macho. Ofisi ikikamatwa imekula fedha za watu, taarifa yake kwa Kiingereza itasema "the controversy surrounding the funds". Nimezitafsiri nyingi za namna hiyo. Ukiandika "mvutano kuhusu fedha" umewasaidia kuficha, kwa sababu hakuna aliyevutana na mwenzake. Fedha zimeliwa. Kama uchunguzi umethibitisha, neno letu lipo: kashfa. Kama haujathibitisha, andika "tuhuma", umtaje anayetuhumu.

Na ukikutana na "row" kwenye vichwa vya habari vya Uingereza, usikimbilie "safu". Kijana mmoja wa mazoezi kwetu aliona habari ya wabunge kugombana juu ya viti, akatuletea "Safu ya viti bungeni". Maana hii hutamkwa "rau", ni ugomvi tu, na wanaipenda kwa sababu ina herufi tatu na inaingia popote.

Sentensi yako basi. Ningeiandika hivi: "bwawa la Mto Rufiji, ambalo watetezi wa mazingira walilipinga na serikali ikashikilia lijengwe". Ndiyo, ni ndefu. Mhariri akilalamika nafasi, kata kitu kingine. Akikataa kabisa, andika "bwawa la Mto Rufiji" peke yake ulale salama, hakuna atakayekuja ofisini na suti.

Kuhusu swali lako la matamshi ya "controversy": Wamarekani wanakaza mwanzo, KON-trovesi. Waingereza wamegawanyika, wengi wao wanasema kon-TRO-vesi, na wapo wanaokereka wakiisikia hiyo, wakaandika hadi barua kwa wahariri. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema kontro-VE-si, na hapo tumewakera wote wawili kwa mpigo.