Masta ya breki ya Beetle ya 1968: 19 au 22?

Umeuliza ukubwa gani wa masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, uufunge kwenye Volkswagen Beetle yako. Chukua yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 19.05, usiikubali hiyo ya 22 unayoambiwa "ni kubwa, itashika zaidi". Ni kinyume chake. Pistoni ya milimita 22.2 ina eneo kubwa kwa takriban asilimia 36, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mguu presha ya mafuta inashuka. Pedeli inakuwa fupi na ngumu kama jiwe, halafu gari halisimami kirahisi. Beetle haina busta ya kuongezea nguvu ya mguu, ni mguu wako tu.

Niliwahi kufungiwa kubwa kwenye yangu. Pale gereji kila mtu alisifu pedeli "imekaza", kwenye mteremko wa kwanza nikalazimika kukanyaga kwa mguu mzima ndipo gari likasimama.

Usiamini boksi, ifungue hapohapo dukani. Kipenyo mara nyingi kimechongwa ubavuni. Yako kama bado ni ya mirija miwili (mmoja wa breki za mbele, mmoja wa nyuma) iliyotoka nayo kiwandani, hakikisha mpya ina sehemu mbili za kuingizia mafuta, na matundu ya swichi za taa za breki yanalingana na swichi zako. Ukifunga, acha nafasi kama milimita 1 kati ya fimbo ya pedeli na pistoni, la sivyo breki zitajibana zikipata moto.

Ila kama mbele umeshabadilisha dramu ukaweka diski, hesabu ni nyingine: tafuta masta ya diski, isiyobakiza presha kwenye mrija wa mbele.