Chenga, machenga au theluji?

SWALI: Ninajifunza ufundi wa redio na TV kwa fundi mmoja hapa Morogoro. Juzi mama mmoja alituletea TV ya chogo akasema "inaleta chenga". Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari la kazi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipoliona akanikataza: chenga ni neno la mpirani, andika "theluji". Fundi wangu naye husema "machenga". Tulipoiwasha hatukuona hata kitone kimoja, ila mistari myeusi iliyokatiza kioo kwa kuinama. Nani kati yetu amesema sawa?

JIBU: Neno lako ni zuri, lakini siku hiyo halikuwa mahali pake. Tuanze na neno.

Mwalimu amechanganya maneno mawili yenye sauti moja. Ipo chenga ya kukwepa, ambayo mchezaji humpiga beki. Na ipo chenga ya jikoni: punje za mchele zilizokatikakatika, zile zinazobaki ukishapepeta na kuchagua. Wauza mkaa nao wana chenga zao, vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya gunia. TV imechukua chenga hii ya pili. Hebu kumbuka ungo wenye chenga nyeupe ukiutikisa: vitu vidogo visivyo na idadi, vinarukaruka, hakuna kimoja unachoweza kukifuata kwa jicho. Ndivyo kioo kinavyokuwa TV isipopata mawimbi ya kutosha. Inapokosa cha kushika, hukuza kelele za umeme, nyingine kutoka ndani ya saketi zake yenyewe, na kila kelele huwa kitone.

"Theluji" ni Kiswahili, sina ugomvi nalo. Ila kwa maana hii limetafsiriwa kutoka lugha za watu wanaoiona theluji ikidondoka mlangoni kwao. Sisi tulikuwa na chenga kwenye ungo, na tukazipa kazi mpya bila kumuuliza mtu. Neno lililojizalia nyumbani namna hiyo ni la kulinda. Waliokulia kwenye nyumba zenye antena ya mlingoti hawahitaji kamusi: mmoja yuko nje anazungusha mti, mwingine dirishani anapiga kelele, "Bado chenga! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Leo watu husema hata "bila miwani naona chenga tu", na kila mtu anaelewa.

Kuhusu "machenga", hapana. Chenga ni ya ngeli ya I-/ZI-: chenga nyingi, chenga zimejaa kioo kizima. Ukitaka kueleza namna picha ilivyo, rudufisha: "picha inaonekana chenga chenga", kama tunavyosema vipande vipande. Na kwenye daftari uepuke "TV inapiga chenga", maana hapo ndipo mwalimu wako atakapoona mpira. Andika "ina chenga" au "inaonyesha chenga".

Sasa ile TV yenyewe. Mama alisema chenga kwa sababu kwa watu wengi kila picha mbovu ni chenga. Anayepokea kazi lazima aulize zaidi, kwa kuwa chenga zinamtuma fundi kwenye antena, waya wake na tuna (kifaa cha ndani kinachochagua stesheni), na ugonjwa wa TV hii hauko huko. Mliyoona ni mistari ya mshazari. Lishike neno hilo. Kiswahili kina mlalo kwa kinacholala kama upeo wa bahari, wima kwa kinachosimama kama nguzo, na mshazari kwa kinachoinama kati ya hivyo viwili. Kwenye TV ya chogo kila moja ni habari tofauti.

PAL, mfumo wa matangazo ya TV ya rangi uliotumika kwetu, huchora picha moja kwa mistari 625, na picha 25 kwa sekunde. Zidisha: mistari 15,625 kila sekunde. TV ikiitembeza mistari hiyo kwa mwendo wake yenyewe, bila kwenda sambamba na kituo, kila mstari huanza pembeni kidogo ya ule wa juu yake. Picha nzima inachanika na kuinama. Huo ndio mshazari wako, na fundi wako ataanza kutafuta kwenye sehemu ya ulandanishi wa mlalo, yaani ile inayoifanya mistari iende sambamba na ya kituo.

Picha ikibaki nzima lakini inapanda au kushuka bila kutulia, andika "inapanda" au "inashuka". Hapo ulandanishi wa wima ndio uliopotea. Kuna kosa moja linalowachanganya hata wazoefu: kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe, mlalo, katikati. Mstari ni mlalo, lakini kilichokufa ni saketi ya wima, ile inayopaswa kuutanua mwanga juu na chini. Kwa hiyo daftarini andika unachokiona, "mstari mmoja mlalo katikati". Chanzo kitaandikwa baada ya kupimwa.

Rangi nazo zina neno lake. Kijani au zambarau ikikaa pembeni ya kioo, wengi huandika "madoa". Mimi ningeandika "mabaka ya rangi". Doa ni kitu kilichoingia na pengine kinafutika kwa kitambaa. Baka ni eneo lililobadilika rangi. Na mara nyingi baka hilo limeletwa na sumaku ya spika iliyowekwa karibu, au koili ya kuondoa usumaku imeacha kufanya kazi.

Chogo lenyewe usiliguse kabla fundi hajakuonyesha namna ya kuliondolea umeme. Bomba la picha ya rangi, lile lililo ndani ya chogo, hutumia volti zaidi ya 20,000, na huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kwenye ukurasa wa yule mama, kata "chenga" uandike: "Mistari myeusi ya mshazari kioo kizima, sauti ipo," kama kweli sauti ilikuwepo.