Mafuta ya langilangi yananuka dawa na hayakai mwilini

SWALI: Asalaam aleykum mtaalamu. Nina milangilangi sita hapa Pemba. Nachuma maua jioni, yanalala kwenye gunia, asubuhi nakeneka kilo 10 ndani ya pipa la chuma kwa muda wa saa tatu. Napata mililita 70 hivi. Mafuta ni ya kahawia, yananuka kama dawa ya hospitali, na nikiyapaka asubuhi, adhuhuri hayapo. Nakosea wapi?

JIBU: Waaleykum salaam. Unazima moto mapema mno. Hilo ndilo kubwa, mengine yanafuata.

Mafuta ya langilangi hayatoki yote kwa pamoja. Hutangulia viambato vyepesi: linaloli, benzili asetati, metili benzoati na para-kresili metili etha. Hii ya mwisho ndiyo dawa unayoinusa; ikichanganyika na wenzake inapendeza, ikitawala inakera. Vinavyoshika ngozi ni vile vizito, kama benzili benzoati na benzili salisilati, navyo huja polepole. Wewe umeviacha ndani ya pipa. Komoro na kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, hukeneka saa 18 hadi 24, na mafuta hukingwa kwa madaraja: ekstra, la kwanza, la pili, la tatu. Daraja haliamuliwi kwa saa tu, hupimwa kwa uzito. Mililita 10 za ekstra zina gramu 9.5 au zaidi. Za daraja la tatu ni kama 9.1 hadi 9.2. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Ukitaka mafuta kamili, usigawe. Kinga yote hadi mwisho. Kilo 10 za maua mazuri hutoa karibu gramu 200.

Kwa kuwa ekstra inakaribia uzito wa maji, matone yake huchelewa kujitenga. Tia chumvi kidogo kwenye maji ya chombo cha kukingia, yataelea.

Maua nayo. Gunia huyapasha joto yakaanza kuchacha, na petali iliyopondeka hugeuka nyeusi. Chuma alfajiri, umalize kabla ya saa tatu asubuhi, uyatandaze kivulini na uyakeneke siku hiyohiyo. Ua la langilangi hufunguka likiwa la kijani na huchukua wiki mbili hadi tatu kuiva; ngoja liwe la njano na doa jekundu kwenye shina la petali. Ndani ya mtambo yaache yaelee kwenye maji, usiyashindilie, maana petali laini zikigandamana mvuke hutafuta upenyo mmoja na kuyaacha mengine.

Rangi ya kahawia inatokana na pipa. Salisilati na fenoli nyingine zilizomo kwenye mafuta hushikana na chuma. Tumia shaba au stenlesi, hata bomba la kupozea.

Kwenye manukato ya kupaka usizidishe asilimia 0.8, yaani mililita 0.8 kwa kila 100, kwani langilangi huwasha baadhi ya ngozi.

Mililita 70 ulizonazo usizimwage. Yeyusha gramu 2 za asidi ya sitriki katika mililita 100 za maji, tikisa pamoja na mafuta, acha yatulie, rudia hadi rangi ipungue, kisha yatenge na uyakaushe kwa sodiamu salfeti kavu, chumvi inayofyonza maji. Yahifadhi kwenye chupa nyeusi iliyojaa hadi shingoni. Ukikeneka tena, yachanganye na mafuta yatakayotoka baada ya saa ya nne ya moto; hayo ndiyo yanayokosekana humo.