Kristali yangu inakufa katikati ya kazi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma PhD huku Uingereza, nafanya muundo wa protini. Nimehangaika miezi saba kupata kristali moja ya maana, nikaipeleka sinkrotroni (mtambo wa eksirei kali), picha za mwanzo madoa ya eksirei zilizotawanywa na kristali yanaonekana mpaka angstromu 1.9, yaani undani mzuri, nikafurahi nikaiacha bimu (mwale wa eksirei) nguvu zote. Kufika nusu mzunguko madoa ya pembeni yakaanza kufifia, mwisho yakabaki ya katikati tu. Na niliigandisha vizuri kwenye naitrojeni! Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, miezi saba inauma. Kugandisha hukukosea, ila baridi haizuii mionzi, inaichelewesha tu. Eksirei ikinaswa ndani ya kristali inang'oa elektroni, na hiyo nayo inaenda kung'oa zingine mamia, sasa kwenye joto la kawaida mabaki yake yanasambaa kila kona, kwenye nyuzi -173 mengi yanakwama pale pale, ndo maana kristali baridi inavumilia dozi mara makumi zaidi. Lakini elektroni zenyewe bado zinapita.

Yaani kila kristali ina dozi yake, ukiimaliza imeisha. Mwanasayansi Richard Henderson mwaka 1990 alikadiria kwamba megagrei 20 (megagrei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinakula nusu ya nguvu ya madoa, halafu 2006 akina Elspeth Garman wakapima kabisa kwa kristali za feritini, protini inayohifadhi chuma, wakashauri usivuke megagrei 30. Na usingoje ufike huko, maana vifungo vya disalfaidi (vya salfa kwa salfa ndani ya protini) vinakatika mapema sana, madini kama chuma yanabadilika mapema zaidi, wakati madoa bado yanakupendeza machoni. Kama protini yako ina chuma hapo kati, hili ndo lingeninyima usingizi mimi, kwa sababu unaweza kuchapisha muundo ambao mionzi ndo imeutengeneza.

Kosa lako ni kutumia dozi yote kwenye picha za mwanzo. Safari ijayo piga picha mbili tatu za majaribio, zipishane digrii 90, bimu ikiwa dhaifu, kisha piga hesabu ya dozi kwa programu ya RADDOSE-3D kabla hujaanza. Punguza bimu hata ibaki asilimia 10, ugawe dozi mzunguko mzima. Picha zitakuwa hafifu, usiogope, ditekta za siku hizi hazina kelele, picha nyingi hafifu zikijumlishwa zinakupa data nzuri kuliko chache kali. Kristali ikiwa ndefu kama sindano, isogeze huku inazunguka ili bimu ipate sehemu mpya kila wakati.

Na ile data ya zamani usiitupe! Angalia ni picha ya ngapi ambapo ukubwa wa seli (kile kipande kidogo kinachojirudia ndani ya kristali) unaanza kupanda na Rmerge (kipimo cha jinsi vipimo vya doa lile lile vinavyotofautiana) inaruka, kata kuanzia hapo, uone zilizobaki zinafikia ukamilifu wa asilimia ngapi, yaani madoa yanayohitajika umepata kiasi gani. Zisipotosha, ongezea kristali ya pili kutoka tone lile lile, ilimradi seli zao zinalingana.