Kwa vijana wa saiti: mihrabu si mimbari

Jumatatu nilimtuma kijana akapige vigae kwenye mihrabu, nikaenda kunywa chai. Narudi, vigae viko kwenye ngazi za mimbari, vimenyooka kama rula, na shehe kasimama pembeni kashika kichwa. Mara ya tatu mwaka huu. Basi andikeni.

1. Mihrabu ni ule uwazi wa upinde anaposimama imamu kuswalisha. Mimbari ni ngazi ya khutba, kulia kwa mihrabu ukiwa umeielekea. Mmoja kaniuliza, "Sasa kibla ni ukuta au ni kile kishimo?" Kibla ni upande iliko Kaaba, mwanangu. Ukuta unaufuata.

2. Na kwenye huo upande ndipo nilipoungua. Kwetu Uganda kibla si mashariki, ni kaskazini, kikiinamia mashariki nyuzi kama 18 tu ukipimia Kampala. Hilo nililijua. Nilikuwa na miaka miwili tangu niitwe fundi, kichwa kimevimba, nimepewa msikiti mdogo wa kijijini Busoga. Dira nikaiweka juu ya rundo la nondo, eti itulie. Chuma kikavuta sindano, mimi nikafunga kamba, tukachimba msingi, tukapandisha tofali hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Tarehe 28 Mei akaja muadhini, mzee wa meno mawili, akachomeka fimbo uani saa sita na dakika 18 mchana. Wakati huo jua liko juu ya Kaaba kabisa, na saa yetu na ya Makka ni moja. Kivuli kinapolala, kibla kiko upande wa pili. Akatazama kivuli, akatazama ukuta wangu, akaomba kamba.

"Mwanangu, umewapeleka Aden, kule Yemen."

Ule msikiti watu walichanga kwa kuku na magunia ya mahindi. Saruji ya kuanza upya haikuwepo. Nilivunja mihrabu kwa mikono yangu, nikajenga nyingine mshazari karibu na kona, kwa hela yangu. Safu zinakata chumba upandeupande, mazulia yamepunguzwa kwa mkasi, na nyuma imebaki pembe tatu ambapo watoto hulala Ramadhani. Nikipita pale kwa bodaboda najifanya nasoma simu.

3. Pimia mbali na nondo, mabati na pikipiki. Mei ikikupita, ngoja 16 Julai, jua likirudi juu ya Kaaba saa sita na dakika 27 mchana.

4. Mfereji wa udhu uteremke kutoka mlangoni, usiuelekee.

5. Mnara usianze bila hela. Msikiti wa Old Kampala ulianzishwa enzi za Amin, ukakwama miaka na miaka, hadi Libya ilipotoa fedha ukafunguliwa 2008. Nyinyi hamna Libya.

Vile vigae tumeviacha. Ijumaa shehe alivua soksi kwanza, akapanda ameshika ukuta.