Paka kavimba uso baada ya chanjo? Kwanza niambie ulimpa nini

SWALI

Shikamoo daktari. Niko Ujiji, Kigoma. Nina paka jike wa miaka miwili, hajawahi kuumwa. Jumamosi walipita wachanjaji wa kichaa cha mbwa nikampeleka. Jioni akawa amejikunyata chini ya kitanda, chakula hataki. Jumapili asubuhi nikamshika masikio, anachemka. Jirani yangu mwenye duka la dawa akanishauri nimpe nusu Panadol, maana hata watoto wanapewa baada ya chanjo. Mchana uleule uso ukavimba, mate yakawa yanamchuruzika, anahema kwa shida, fizi zimekuwa rangi ya udongo. Tukamnywesha maziwa na kijiko cha mawese. Leo Jumanne ana nafuu kidogo ila hali, na begani ana kinundu. Mume wangu anasema chanjo ilikuwa na sumu, au ndiyo imempa kichaa, na paka wetu wa pili hachanjwi ng'o. Je, kuna dawa ya kuitoa chanjo mwilini?

MAJIBU

Marahaba, mama. Dawa ya kuitoa chanjo mwilini haipo; atakayekuuzia anakuibia. Na hata ingekuwepo usingeihitaji, kwa sababu kilichomvimbisha paka wako uso si sindano ya Jumamosi. Ni nusu Panadol ya Jumapili.

Kabla sijaendelea: ulipokuwa unamfumbua mdomo kumpa kidonge, alikuuma au kukuparura? Kama ndiyo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama siku zimepita, kisha nenda leo hii Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu ukaeleze. Paka aliyechanjwa Jumamosi hahesabiwi kuwa na kinga Jumapili. Kinga huchukua hadi wiki nne kukamilika. Huyu wako simwoni kama ana kichaa, nitaeleza kwa nini, lakini kwenye ugonjwa huo hatuendi kwa kudhani.

Sasa Panadol. Swali hili naletewa kila baada ya kampeni ya chanjo, kinachobadilika ni jina la mtaa tu, na utetezi ni uleule: "hata watoto wanapewa". Ni kweli wanapewa. Mtoto ana ini la binadamu. Ini letu lina kimeng'enya kinachoikamata parasetamoli, yaani dawa iliyomo ndani ya Panadol, na kuiandaa itoke na mkojo. Paka kimeng'enya hicho anacho kidogo mno, kwa hiyo dawa inabaki mwilini na kugeuka kemikali inayoharibu chembe nyekundu za damu. Damu iliyoharibiwa namna hiyo haibebi oksijeni ipasavyo, na rangi yake inakuwa ya kahawia. Ndiyo ile rangi ya udongo uliyoiona kwenye fizi. Uso kuvimba, pengine na nyayo, mate, kuhema kwa taabu, tena saa chache baada ya kidonge: umeniandikia dalili za sumu ya parasetamoli kwa paka kama vile ulikuwa unanakili kitabu, halafu ukaniuliza kuhusu chanjo.

Tupige hesabu. Paka jike wa kawaida wa huku ana kilo 3 hivi. Nusu kidonge ni miligramu 250, yaani zaidi ya 80 kwa kila kilo ya mwili wake. Kuna paka waliodhurika kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 akitaka kupata kiasi hichohicho kwa uzito wake itabidi ameze vidonge 10 kwa mkupuo. Nani angempa jirani yake ushauri huo? Hakuna dozi ya Panadol iliyo salama kwa paka. Si nusu, si robo, si ile ya maji ya watoto yenye ladha ya matunda. Diklopa ndiyo usiseme, maana humo mna parasetamoli pamoja na diklofenaki, na hiyo ya pili inakwenda kuvunja figo. Huyu wako kupona ni bahati, au sehemu ya kidonge aliitema bila wewe kuona.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda homa yenyewe haikuwepo. Paka mzima, asiye na tatizo lolote, ana joto la nyuzi 38 hadi 39. Mkono wako uko chini ya hapo. Ukimshika lazima utasema anachemka, leo, kesho na mwaka mzima. Homa ya paka hupimwa kwa kipimajoto, tena kwa nyuma, si kwa kiganja.

Sikatai kwamba chanjo ina maudhi yake. Ile hali ya Jumamosi jioni, kujikunyata na kususa chakula, hiyo ndiyo ilikuwa ya chanjo. Mwili unatengeneza kinga, mnyama anachoka, pale alipochomwa panauma, na ndani ya siku moja au mbili anarudi kwenye hali yake. Ungemwachia maji na kona yenye utulivu, Jumatatu angekuwa juu ya ukuta. Marekani walikusanya rekodi za paka karibu nusu milioni waliochanjwa chanjo mbalimbali kati ya 2002 na 2005: waliopata tatizo lolote ndani ya siku 30 walikuwa kama 52 katika kila 10,000, na tatizo lililoongoza lilikuwa huohuo uchovu.

Mzio mkali upo pia, na huo unaua. Lakini una saa yake. Huanza dakika chache baada ya sindano, au saa chache, siku ileile: paka anatapika, anaharisha, anajikuna uso, anakosa pumzi, anaanguka, fizi zinakuwa nyeupe. Hapo anahitaji adrenalini mara moja kutoka kwa daktari. Wako alivimba siku ya pili, baada ya kidonge, na fizi zake hazikuwa nyeupe, zilikuwa za kahawia. Sindano na Panadol zimeacha alama tofauti kabisa, ila kwa kuwa sindano ndiyo iliyoonekana na watu wengi, lawama zote imebeba yenyewe.

Na mzee nyumbani mwambie hivi: chanjo ya kichaa wanayochomwa mbwa na paka wetu ina virusi vilivyokwisha kuuawa. Kirusi kilichokufa hakimpi mtu wala mnyama kichaa. Paka mwenye kichaa kilichofikia hatua ya kutoa mate hapati nafuu Jumanne. Huyo anazidi kudhoofika mpaka anakufa. Hiyo ndiyo sababu sidhani kama anacho.

Tuje kwa mgonjwa. Maziwa hayaondoi sumu ya Panadol, yanamharisha tu paka ambaye tayari amechoka. Mawese ndiyo yananitisha zaidi. Najua Kigoma mawese ni tiba ya kila kitu, lakini mnyama anayehema kwa shida akinyweshwa mafuta kwa nguvu, sehemu inaingia mapafuni, na mafuta yakishaingia huko hayatoki kirahisi. Kwa hiyo mhesabie pumzi akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika, au ukisikia anakohoa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vilevile mkojo ukiwa wa kahawia iliyokolea, macho au fizi zikiwa na umanjano, au fizi zikipauka, maana damu iliyoharibika Jumapili inaweza kuendelea kuvunjika siku kadhaa. Ukifika, taja Panadol, saa uliyompa na kiasi. Usione aibu. Ipo dawa inayopambana na sumu hiyo, asetilisisteini, lakini inasaidia zaidi ikitolewa mapema, na daktari aliyeambiwa "ni chanjo" hataitafuta.

Kula ni lazima. Paka akikaa siku tatu nne bila chakula, mafuta ya mwili wake yanahamia kwenye ini na kulikaba, hasa kama alikuwa mnene. Mpe dagaa wabichi waliochemshwa, au mgebuka uliotolewa miiba, vuguvugu, kidogokidogo mara nyingi. Chumvi usiweke, na kitunguu ndio kabisa: kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka kwa njia ileile ya Panadol. Mchuzi wa jana uliobaki sufuriani usimpe.

Kinundu cha begani kiache. Ni pale sindano ilipopita. Kwa kawaida huyeyuka chenyewe ndani ya wiki chache. Usikikande kwa maji ya moto, usikikamue, asije mtu akakitoboa. Andika tarehe ya chanjo, kipime kila wiki. Kikidumu zaidi ya miezi mitatu, au kikizidi sentimita 2, au kikiwa bado kinakua mwezi mmoja baada ya sindano, kitolewe kipande kipimwe maabara. Kuna saratani inayoweza kuota palipochomwa sindano, ilielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1991, na inakisiwa kumpata paka mmoja katika 10,000 au hata pungufu ya hapo. Hukua kwa miezi au miaka. Haioti siku tatu.

Jirani yako namheshimu, lakini duka lake ni la dawa za watu. Ninaogombana nao hasa ni vishoka wa mkoba, wale wanaofika siku ya pili baada ya chanjo kama walioitwa. Paka kasinzia, kishoka anatoa oksitetra, antibiotiki ya ng'ombe, ya asilimia 20, anavuta mililita mbili, anachoma. Kwa paka wa kilo 3 hizo ni miligramu 400, dozi ya ndama. Nyama inaoza palepale, na hilo nalo mtaa unasema ni chanjo. Mwingine anaona viroboto, anamwogesha paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi kati ya hizo zina saipamethrini au jamaa zake, ambazo paka pia hawezi kuzivunja. Anajilamba manyoya, usiku anaanza kutetemeka na kukakamaa. Chanjo tena. Muulize anayekuja na mkoba amesajiliwa wapi. Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka mtu anayetibu wanyama awe amesajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Veterinari, na aliyesajiliwa kweli haoni vibaya kuulizwa. Chupa isiyo na lebo, au bomba la sindano lililotoka kwa mbuzi wa nyumba ya tatu, usikubali hata kama ni bure.

Madhara yake hayaishii kwa paka mmoja. Mwaka unaofuata kampeni ikija, mtaa unafunga milango, mbwa na paka hawachanjwi. Mtu akishaonyesha dalili za kichaa hakuna tiba ya kumrudisha, si Maweni wala Muhimbili. Mbwa wanatakiwa wachanjwe angalau asilimia 70 ili ugonjwa ukatike mtaani, na paka wanaumwa na mbwa haohao. Nusu kidonge cha Ujiji kinaweza kuharibu kazi ya wachanjaji wa manispaa nzima, na hakuna atakayekumbuka kwamba kilikuwa kidonge.

Paka wa pili achanjwe akiwa mzima, anakula, hana mafua. Ombeni achomwe chini kwenye mguu wa nyuma badala ya katikati ya mabega, halafu kaeni naye palepale nusu saa. Kadi iandikwe tarehe, jina la chanjo na namba ya bechi. Akilala jioni hiyo, mwacheni alale. Huyu mgonjwa chanjo yake ya Jumamosi bado inahesabika. Asirudiwe sasa, arudiwe mwakani, na mchanjaji aambiwe yaliyotokea, pamoja na Panadol.