Viunganishi nimetia vyote, mbona insha bado haishikani?

Swali: Shikamoo mwalimu, niko kidato cha tatu. Insha yangu imerudi na wino mwekundu "mawazo hayashikani" na viunganishi nilitia vingi tu. Kipande chenyewe: "Bakari alikutana na Juma na alimwambia kuwa amefukuzwa shule na alilia. Aidha alienda nyumbani. Vilevile alimkuta mama yake na alimweleza."

Jibu: Marahaba. Nimesoma mara mbili na mpaka sasa sijui nani kafukuzwa, nani kalia, na huyo mama ni wa nani. Hebu angalia hii: "Gari liligonga mti likaanguka." Sasa badilisha iwe "ukaanguka". Silabi moja tu na msomaji ashajua kilichoanguka ni gari au ni mti, yaani ngeli zinakufanyia kazi bure kabisa. Shida inakuja watu wakiwa wawili kwa sababu wote wako ngeli ya A-WA, ile ya watu na wanyama, a- ni ya Bakari na a- hiyohiyo ni ya Juma, kwa hiyo rudia jina usione haya. Karatasi ya insha ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, inataka maneno yasiyopungua 400, "Juma" akirudi mara mbili tatu hajakula nafasi ya mtu. Au mpe maneno yake mwenyewe mdomoni, "nimefukuzwa", hapo hakuna ubishi.

La pili ni hizo "na ali- na ali-". Ukisimulia, kitenzi cha kwanza kipe -li-, vinavyofuata vipe -ka-, na hiyo -ka- peke yake inasema hili lilifuata lile, "kisha" na "halafu" utazitafuta kwa nadra. Aidha na vilevile ni za kuongeza hoja juu ya hoja, kwenye insha ya mjadala sawa, lakini mtu akienda nyumbani hajaongeza hoja yoyote jamani. (Na wale wanaoandika "aidha uje au ubaki" kisa inasikika kama "either" ya Kiingereza, hapo ni "ama uje ama ubaki", hilo linaniudhi miaka yote.)

Mi ningeandika hivi: "Bakari alikutana na Juma akamwambia, 'Nimefukuzwa shule,' akaanza kulia. Juma akampeleka nyumbani, wakamkuta mama yake Bakari barazani, wakamweleza."

Nimekisia tu kwamba aliyefukuzwa ni Bakari. Kama ni Juma, geuza.